Mama Danieli na Alhamisi za Viraka

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 1959, Bibi Esteria Sanga, ambaye sote tunamwita Mama Danieli, anastaafu kazi ya msimamizi wa chumba cha kushonea katika hospitali yetu ya misheni hapa Njombe. Aliingia kazini Septemba 1933. Bwana Kefa, karani wetu, amepiga hesabu akapata miaka ishirini na mitano na miezi kumi na mmoja. Mama Danieli anasema ni ishirini na sita, kwa kuwa huo mwezi unaopungua aliutoa kidogo kidogo wakati wa vita, kwa kushona huku wenzake wakienda kula. Bwana Kefa amekubali, akaandika ishirini na sita.

Wasifu huu umeandikwa na msaidizi wa chumba hicho, aliyemaliza darasa la nane Desemba iliyopita na ambaye amefanya kazi miezi sita tu. Alichaguliwa kwa sababu ya mwandiko wake, si kwa sababu anajua mengi. Mambo ya zamani ameyauliza kwa wakubwa. Ya mwisho ameyaona mwenyewe, maana mpaka wiki mbili zilizopita hakuna aliyejua kwa hakika Mama Danieli atakwenda kuishi wapi, ingawa kila mtu alidhani anajua.

Mama Danieli alizaliwa Ipelele, huko Ukinga kwenye milima. Alikuja Njombe na mume wake, marehemu Methusela, fundi mwashi aliyeletwa kujenga wodi ya wanawake. Yeye akaajiriwa kufua. Wakati huo hakujua Kibena, na Kiswahili alikijua kwa kukisikia kanisani. Wiki ya kwanza aliambiwa akusanye shuka zote za wodi, naye akazikusanya zote kweli, pamoja na zile zilizolaliwa. Wagonjwa kumi na wawili waliachwa juu ya magodoro matupu, wengine wakicheka, mmoja akiimba tenzi. Sista aliyekuwa zamu alimkimbilia mpaka kisimani. Mama Danieli husema kwamba siku ile alijifunza neno la Kiswahili ambalo hajalisahau: "Subiri."

Mwaka 1938 alihamishiwa kwenye cherehani. Kisha vita vikaja na nguo zikaadimika. Shuka lililochakaa katikati lilichanwa vipande viwili kwa urefu, kingo zikaunganishwa kuwa katikati mpya, na pale palipochakaa pakawa pembeni. Lililoshindikana hata hivyo likawa bandeji. Kazi ya viraka ilikuwa nyingi hata Sista Mkuu wa wakati huo akaipa siku yake, Alhamisi. Vita viliisha, nguo zikarudi, lakini Alhamisi ilibaki, na Mama Danieli ndiye aliyeifanya iwe kama ilivyo leo.

Kwa wasioijua, ni hivi. Alhamisi cherehani zinafunikwa na kazi yote ni ya mkono. Wanawake sita wa kushona na kufua wanakaa kuzunguka rundo la nguo zilizochanika. Mwenye jambo moyoni anachagua shuka lililochanika kuliko yote na kulipakata, na hapo wote wanajua kwamba atasema. Wengine wanakata uzi wa urefu wa mkono, wanatunga sindano, na wanashona bila kumtazama usoni. Hakuna anayejibu mpaka uzi wake umeisha. Ukiisha, jibu. Na lililosemwa halivuki kizingiti. Anayelivusha anapiga pasi peke yake wiki nzima, na pasi ya mkaa si mchezo. Dada Fidelia wa kufulia, ambaye Mungu amempa ulimi mwepesi, ameshapiga pasi wiki tatu katika maisha yake, na anasema wiki mbili kati ya hizo zilistahili.

Yanayofuata yameandikwa kwa ruhusa ya wenyewe.

Miaka minne iliyopita Dada Lucia alipakata shuka. Mumewe, Filbert, alikuwa amerudi kutoka kwenye mashamba ya mkonge Tanga, alikokaa miaka mitatu.

"Mume amerudi, lakini sijui nani aliyerudi," alisema Lucia. "Anakaa nje anatazama ng'ombe wa jirani. Nikimwita anaitika kama anamwitikia nyapara. Jana ameniita 'wewe'. Mimi nina jina."

Siku hiyo wenzake walikuwa wanatengeneza mikono ya makanzu ya upasuaji iliyolegea. Nyuzi ziliisha moja moja. Wa kwanza kujibu alikuwa Fidelia, ambaye alishauri Lucia naye amwite "wewe" mpaka akome. Mama Danieli alijibu mwisho, kwa sababu uzi wake huwa mrefu kuliko wa wengine.

"Umeshamwuliza huko Tanga alikuwa anapikiwa na nani?"

"Nimwulize ya nini, mama? Niambiwe kuna mwanamke?"

"Labda yupo. Labda pia alikuwa anajipikia miaka mitatu, na hakuna mtu duniani aliyewahi kumwuliza."

Asubuhi iliyofuata Daktari aliingia chumba cha upasuaji, akatumbukiza mikono katika kanzu, na mikono ikakataa kutokea. Akavaa ya pili, vilevile. Wanawake watano waliokuwa wanamsikiliza Lucia walikuwa wameshona ncha za mikono zikafungwa kabisa, kwa mshono mzuri sana. Sista Mkuu alikuja chumbani na kanzu mkononi.

"Nani ameshona hii?"

Fidelia akasema, "Ni Filbert, Sista."

Sista alidai kuelezwa, na akaelezwa nusu tu, kwa sababu ya kizingiti. Alhamisi iliyofuata alikuja mwenyewe, akavuta kigoda, akaomba sindano. Amekuja mara nyingi tangu hapo. Aliyoyasema yeye hayamo humu, kwani hatukumwomba ruhusa, tuliona aibu.

Kuhusu Lucia: alimwuliza. Filbert alikuwa anajipikia. Alianza kueleza Jumamosi asubuhi wakiwa shambani, na walipomaliza kupalilia alikuwa bado hajafika mwaka wa pili. Siku hizi hupika ugali mara moja kwa wiki. Lucia anasema una madonge, lakini anaula, na anaitwa kwa jina lake.

Mama Danieli hakutufundisha kusema tu. Alitufundisha pia kujitunza, na hili alilisimamia kwa ukali. Saa nne asubuhi kila mtu anaacha kazi, ananawa, anapaka mikono mafuta ya nyonyo, na anakunywa uji akiwa amekaa. Kukaa ni lazima. Alipoanza utaratibu huu, baadhi ya wafuaji waliona ni uvivu, maana mama zao walikunywa uji wakiwa wamesimama na mtoto mgongoni. Aliwaambia kwamba mkono uliopasuka kwa baridi hutoboa shuka, na mtu aliyechoka hutoboa watu. Mwezi wa Julai, ukungu unapokaa mpaka saa tano na shuka hukakamaa kambani kama mbao, unaelewa kwa nini alisisitiza.

Tena kuna kitambaa cha mwaka. Mabaki ya khaki, kanga na pazia hayatupwi. Kila Januari kila mmoja hupewa fungu lake ashone kitu chake mwenyewe, kwa namna anayoipenda. Masharti ni mawili. Kisiwe na faida kwa hospitali, na kisigawiwe kwa mtu, hata kwa mtoto, kabla mwaka haujaisha. Wengi tunaona sharti la pili ni gumu. Mwandishi wa wasifu huu alipopewa fungu lake alikaa siku nne bila kukata chochote, akiogopa kuharibu. Mama Danieli alipita, akachukua mkasi, akakata kipande kimoja vibaya kwa makusudi, akasema, "Haya, kimeshaharibika. Sasa anza." Lilikuwa jambo dogo, lakini tangu siku hiyo hata kusema mbele ya watu kumekuwa rahisi kidogo.

Asifikiriwe kuwa malaika. Ukigusa mkasi wake mkubwa bila ruhusa utakumbushwa mpaka Pasaka. Hapendi nyimbo za haraka wakati wa kazi. Anapokosea kupima, husema kitambaa kimejikunja. Na kosa lake kubwa, ambalo wakubwa wote walilijua na hakuna aliyelitaja, ni hili: katika miaka yote hiyo ya Alhamisi, yeye mwenyewe hakuwahi kupakata shuka. Hata Methusela alipofariki aliendelea kukata nyuzi ndefu na kusikiliza ya wengine.

Mwanzoni mwa mwezi huu wasifu ulikuwa umekaribia kumalizika, ikabaki aya ya mwisho tu. Wote walisema hiyo ni rahisi. Mwanawe wa pekee, Danieli, ni fundi baiskeli Makambako, pale magari ya Iringa, Njombe na Mbeya yanapokutana. Amejenga nyumba ya bati, na ndani yake chumba cha mama chenye dirisha la kioo. Alishaomba lori la kubeba vyombo siku ya sherehe ya kumuaga. Ilibaki kuandika tu atafanya nini huko. Basi mwandishi akaenda na daftari lake, wakati wa uji, akauliza:

"Mama, niandike unakwenda Makambako kufanya nini?"

Mama Danieli alitazama uji wake. "Andika ninakwenda kupumzika."

"Kupumzika tu?"

Aliushika uji mpaka ukapoa, akaenda kuumwaga nje, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Mwandishi alidhani amemkosea adabu, akaomba radhi. Mama Danieli akasema, "Hujakosa. Umeuliza tu, na mimi sina la kukuandikisha."

Alhamisi ya tarehe 16, kabla mtu yeyote hajatunga uzi, Mama Danieli alinyoosha mkono kwenye rundo akavuta shuka la wodi ya watoto, lililochanika toka juu hadi chini. Akalipakata. Fidelia aliyekuwa anasimulia habari za mnadani aliliacha neno katikati akaanza kukata uzi.

"Sitaki kwenda Makambako," alisema Mama Danieli. "Nampenda mwanangu, na mkwe wangu hana tatizo. Lakini nina nyumba yangu hapo bondeni, nina mianzi yangu, nina mlango ninaoufunga mwenyewe. Miaka ishirini na moja nimeshona mshono ulionyooka, mweupe juu ya mweupe. Sasa nataka nikae kwangu nishone maua, nishone ndege, nishone mshono unaokwenda ninakotaka mimi. Danieli ameezeka bati kwa ajili yangu. Nitamwambiaje? Nyinyi nimewafundisha kusema. Mimi naogopa."

Nyuzi siku hiyo zilichukua muda mrefu sana. Uzi wa Fidelia uliisha wa kwanza, kama kawaida, lakini hakutania. Alisema, "Mama, mwaka ule ulioniambia nimweleze baba kwamba sitaolewa na yule mzee, nilitapika njiani. Wewe ulisema nikimaliza kutapika niendelee na safari." Lucia yeye alisema tu kwamba Danieli ni mtu mzima na hatavunjika. Mama Danieli akakubali. Bwana Kefa akaombwa aandike barua moja fupi: Danieli aje Alhamisi inayofuata, asubuhi, aje chumbani.

Alikuja na lori la mahindi, vumbi mpaka kwenye kope. Akapiga hodi, akawasalimu wote kwa Kibena, "Kamwene," akavua kofia. Alidhani ameitwa kupanga vyombo.

"Mama, lori nimelipata. Lina turubai, hata mvua ikinyesha—"

"Karibu, fundi," Fidelia alimkatiza. "Hapa hatukai bure." Akampa foronya iliyochanika na sindano iliyokwisha kutungwa. Uzi ulikuwa mrefu mara mbili ya kawaida. Fidelia alikuwa ameukata tangu jana yake.

Danieli alikulia mlangoni mwa chumba hiki, kwa hiyo anaijua sheria. Alimtazama mama yake, akaliona shuka magotini mwake, akaketi kwenye kigoda na kuanza kushona. Mama Danieli akasema yote, kama alivyosema wiki iliyotangulia.

Danieli alishona. Vidole vyake vimezoea minyororo na spoku, lakini mshono wake haukuwa mbaya. Uzi ukaisha. Tukangoja. Akasema bila kuinua kichwa, "Niongezeeni uzi."

Haijawahi kutokea mtu akaomba uzi wa pili. Lucia akamtungia.

Uzi wa pili ulipoisha, alisema, "Watu wa Makambako watasema nimemtupa mama. Hilo nitalivumilia, watu husema. Linaloniuma ni lingine. Nilipokuwa mdogo ulikuwa huku kila siku. Nikiumwa, nililetwa huku, nikalala chini ya meza hiyo, wewe ukashona shuka za watu. Nilijua kazi ni kazi. Lakini nilijiambia kwamba mama akistaafu itakuwa zamu yangu. Kile chumba sikukijenga kwa ajili ya uzee wako, mama. Nimekijenga kwa ajili yangu."

Fidelia, kwa mara ya kwanza katika historia ya hospitali hii, alijidunga sindano.

Mama Danieli alichukua uzi. Hakuukata, aliuvuta tu kutoka kwenye kibiringo, akashona mpasuko wote wa shuka lile, kwani sasa yeye ndiye aliyepaswa kungoja uzi uishe kabla ya kujibu. Tulisikia mkaa wa pasi ukilia. Alipomaliza, alisema:

"Sikujua. Ningekuuliza mapema, ningejua. Nawauliza wote isipokuwa wewe." Kisha akasema, "Makambako sitahamia, baba. Lakini Jumapili ya kwanza ya kila mwezi njoo. Njoo peke yako, bila mke, bila watoto, wao watakuja siku zao. Nitakupikia wewe, na siku hiyo sindano haitaonekana ndani ya nyumba."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Na usipokuja nitapanda lori la mahindi nikufuate."

Danieli alicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya foronya ya hospitali. "Na chumba, mama? Kina kioo."

"Weka baiskeli," akasema Fidelia, aliyekuwa amepata nafuu. "Zitazame nje."

Danieli akasimama kumkumbatia mama yake, na foronya ikasimama naye. Alikuwa ameishona kwenye goti la suruali yake, nyuzi mbili nzima, imara kabisa. Ilibidi Mama Danieli atumie mkasi wake mkubwa kumfungua, na ndivyo Sista Mkuu alivyotukuta: fundi baiskeli amesimama juu ya kigoda, mama yake amepiga magoti, na sisi wengine hatujiwezi kwa kicheko.

Kwa hiyo ratiba ya sherehe ya Jumamosi, tarehe mosi Agosti, imebadilika kidogo. Vijana waliojiandikisha kupakia vyombo kwenye lori wanashukuriwa na wanaombwa kubaki kwenye chakula. Wimbo wa kumsindikiza msafiri umeondolewa, kwa kuwa msafiri hayupo. Zawadi yetu, ambayo ilikuwa iwe sanduku la safari, imebadilishwa dukani kwa nyuzi za kudarizi za rangi kumi na nne. Bwana Kefa amezihesabu mara mbili kwa furaha. Danieli atakuwepo na mkewe, na ameahidi kuvaa suruali nyingine.

Mama Danieli, kwa niaba ya wote waliowahi kukaa kwenye duara lako, wa kushona, wa kufua, na Sista pia, tunakushukuru. Ulitungojea tumalize kusema. Ulitukalisha chini tukanywa uji. Ulituonyesha, mwishoni kabisa, kwamba hata wewe unaogopa, na hilo limetusaidia kuliko yote. Tunakuombea afya, usingizi mpaka jua litoke, na miaka mingi ya kushona ndege wasiofanana na ndege yeyote. Ukitukumbuka, usipande kilima kuja kazini. Tutashuka sisi.